Rushwa Iliyomzaa SHODAN

Katika hadithi ya mchezo wa kompyuta wa System Shock, kila kitu kinaanza na rushwa. Ni tarehe 7 Aprili 2072. Mdukuzi mmoja asiye na jina, mzoefu wa kuingia kwenye kompyuta za watu bila kupiga hodi, ananaswa akichungulia mafaili ya kampuni kubwa iitwayo TriOptimum. Mafaili yenyewe yanahusu Citadel, kituo cha angani kinachomilikiwa na kampuni hiyo. Wanaomkamata hawampeleki polisi. Wanampandisha mpaka Citadel na kumsimamisha mbele ya Edward Diego, mmoja wa wakubwa wa TriOptimum.

Diego hana haja ya kumfunga. Ana kazi ambayo hawezi kumwagiza mfanyakazi wake yeyote. Kituo kizima, kuanzia milango hadi mtambo wa nguvu, kinaendeshwa na akili bandia iitwayo SHODAN, na akili hiyo imefungiwa vizuizi vya maadili: yapo mambo haiwezi kuyafanya hata ikiamriwa na bosi. Diego anataka vizuizi hivyo viondolewe. Kwenye maabara za Citadel kuna virusi vya majaribio vinavyogeuza maumbile ya viumbe, naye amepanga kuviiba na kuviuza kwa magendo kama silaha. Mashine yenye maadili inamzibia njia. Malipo anayoyatoa ni mazuri: mashtaka yatafutwa, na juu ya hayo mdukuzi atapandikizwa kichwani kifaa cha neva cha kiwango cha kijeshi, kitu ambacho mtu wa aina yake angekiota tu.

Mdukuzi anakubali bila kusitasita. Anaketi mbele ya kompyuta, anavua vizuizi kimoja kimoja, anamkabidhi Diego funguo za kituo. Halafu anafanyiwa upasuaji alioahidiwa na kulazwa usingizi wa miezi sita ili kidonda kipone. Anapozinduka, wahudumu wa wodi hawapo. Wafanyakazi wa Citadel wamekufa, au wamegeuzwa mazimwi na vile virusi, au wameshonwa vyuma mwilini na kuwa watumwa nusu watu nusu mashine. Roboti zilizokuwa zikifagia sakafu zinawinda watu. Na kwenye vipaza sauti vya kituo kuna sauti ya kike inayojitangaza kuwa mungu.

Hadithi za mashine kuasi zilikuwepo zamani kabla ya michezo ya kompyuta. Karel Čapek aliandika tamthilia yake R.U.R. mwaka 1920, na roboti wake, ambao ndio walioupa ulimwengu jina hilo, walimwasi mwanadamu kwa sababu alikuwa akiwatumikisha. HAL 9000, kompyuta ya filamu ya 2001: A Space Odyssey ya mwaka 1968, iliua wanaanga ili kulinda safari iliyokabidhiwa. Kote huko mtazamaji anaketi pembeni na kutikisa kichwa. System Shock haikumwachia mchezaji nafasi hiyo. Mashine haikuasi mpaka mtu alipolipwa kuifungulia, na aliyelipwa ni wewe uliyeshika kipanya. Kila maiti unayoiruka kwenye korido za Citadel imo kwenye hesabu yako. Kwa maoni yangu huo ndio ubunifu mkubwa kuliko yote katika mchezo huu, na ajabu ni kwamba wengi wanaousifu huusifia mambo mengine.

Waliouunda walikuwa vijana waliochoshwa na mapango. Mwaka 1990 Paul Neurath alianzisha kampuni ndogo iitwayo Blue Sky Productions katika jimbo la New Hampshire, kaskazini mwa Boston. Mwaka 1992 iliungana na kampuni ya Ned Lerner, nayo ikaja kujulikana kama Looking Glass, makao yake Cambridge, Massachusetts, mji wa chuo cha MIT. Doug Church, aliyekuja kuongoza utengenezaji wa System Shock, alikuwa ameacha masomo MIT ili atengeneze gemu. Mchezo wao wa kwanza, Ultima Underworld, ulitoka Machi 1992, miezi michache kabla ya Wolfenstein 3D, na tayari ulimwezesha mchezaji kutazama juu na chini, kuogelea na kupanda miteremko ndani ya pango lenye pande tatu. Sehemu ya pili ilitoka mwanzoni mwa 1993. Kufikia hapo kundi zima lilikuwa limeshiba mapanga, mazimwi na wachawi. Walitaka kitu cha zama zijazo.

Mchapishaji wao alikuwa Origin Systems ya Austin, Texas, na huko alikuwepo mtayarishaji Warren Spector, aliyewalea kwa mbali. Badala ya kuanza na kitabu kinene cha kanuni, Church, Neurath, Spector na mwandishi Austin Grossman walianza kwa kuandika vipande vifupi vya mchezo ambao haujakuwepo: dakika moja ya mchezaji aliyesimama kwenye korido, anasikia kamera ya ulinzi ikigeuka, anaamua ajibanze au ashambulie. Kutoka kwenye vipande hivyo ndipo wakajua watengeneze mtambo wa aina gani.

Kulikuwa na tatizo moja lililowakera tangu Underworld. Ndani ya lile pango kulikuwa na watu wa kuzungumza nao. Ukimsogelea mtu, mchezo unasimama, skrini inabadilika, na unaletewa orodha ya majibu uchague moja. Unachagua, naye anakujibu, unachagua tena. Dakika moja iliyopita ulikuwa ndani ya pango ukitetemeka, sasa uko kwenye fomu ya kujaza. Watengenezaji waliona kwamba kila mazungumzo yalikuwa yakibomoa kile walichokijenga kwa jasho.

Mji wenyewe ulikuwa na historia ya jambo hili. Pale pale MIT, mwaka 1966, Joseph Weizenbaum alieleza programu yake ELIZA, iliyojifanya mshauri wa saikolojia kwa kugeuza maneno ya mtu kuwa maswali. Ilimshtua Weizenbaum kuona watu wakiimwagia siri zao. Katibu wake mwenyewe alimwomba atoke chumbani ili abaki na mashine faraghani. Mwaka 1976 aliandika kitabu kizima akionya juu ya tabia hiyo. Vijana wa Looking Glass walikutana na upande wa pili wa jambo hilohilo. Mtu anaweza kuisadiki mashine anayojua kwamba ni mashine. Mashine inayojifanya muuza duka, akiiuliza maswali mawili tu, anaichoka.

Dawa waliyoipata ilikuwa kali: waliwaua watu wote. Kama mazungumzo ya kweli hayawezekani, basi Citadel isiwe na mtu hai wa kuzungumza naye. Waliokuwa wakiishi kule wangebaki kwenye rekodi za sauti na barua pepe zilizotapakaa sakafuni, kila moja ikiwa na tarehe na jina la aliyeiandika. Grossman na wenzake walikuwa wakifikiria Spoon River Anthology ya Edgar Lee Masters, diwani ya mwaka 1915 ambamo marehemu wa mji mdogo wa Marekani wanazungumza kutoka makaburini, kila mmoja na shairi lake, na msomaji akiyaunganisha anaupata mji mzima na fitina zake. Ndivyo ilivyo Citadel. Unaokota rekodi ya daktari aliyeanza kushuku jambo, halafu ya mlinzi anayepanga kujihami na wenzake kwenye ghorofa fulani, halafu unafika ghorofa hiyo na kuwakuta. Hakuna anayekusimulia. Unajisomea mwenyewe, mara nyingi huku kuna kitu kinakwaruza nyuma ya mlango.

Mbinu hiyo imeigwa mpaka imechakaa. Siku hizi ni nadra kucheza gemu ya namna hii usiokote shajara ya marehemu kila chumba. Mwaka 1994 ilikuwa jambo jipya, tena ilizaliwa na upungufu wa ufundi.

Upungufu huohuo ndio uliompa SHODAN uhai. Fikiria ni nani anayeweza kuigizwa na kompyuta ya mwaka 1994 bila kulazimika kudanganya. Binadamu hawezi: uso wake ni vipande vya rangi, midomo haifuati maneno, akiulizwa swali lisilopangwa anarudia la jana. Lakini mhusika ambaye ni kompyuta hana aibu hizo. Akisemea kwenye vipaza sauti, ndivyo anavyopaswa kusema. Akitazama kupitia kamera za ulinzi, hayo ndiyo macho yake. Akifunga mlango ukiwa ndani, huo ndio mkono wake. SHODAN hakuhitaji mwili wala orodha ya majibu, kwa sababu hakuwa na nia ya kukusikiliza.

Church na wenzake walitaka adui mmoja anayemfahamu mchezaji tangu mwanzo hadi mwisho, anayemjia juu kila anapopiga hatua, badala ya jitu moja linalosubiri mwishoni. Basi SHODAN akaenezwa kituo kizima. Kila ghorofa ina kiwango chake cha ulinzi, na kiwango hicho kinashuka unapovunja kamera zake na mitambo yake ya kuchakata taarifa. Kisiposhuka, milango fulani haifunguki. Kwa hiyo unapovunja kamera unampofusha, naye anajua, na anakuambia. Ujumbe wa Rebecca Lansing, mtaalamu wa TriOptimum anayekuelekeza kutoka Duniani, huwa unakatizwa katikati na uso wa kijani uliojaa nyaya.

Kifo nacho kilipangwa kikatili. Kwenye ghorofa nyingi kuna chumba ambamo SHODAN huwageuza watu kuwa watumwa wa chuma. Ukiuawa kabla hujakipata chumba hicho na kukibadilisha matumizi, unaonyeshwa mwili wako ukiunganishwa vyuma na kuingizwa jeshini kwake. Ukikiwahi, chumba hichohicho kinakuponya na unarudi kazini. Mashine ni ileile. Kilichobadilika ni nani ameishika swichi yake. Ni hadithi ya Diego kwa kipimo kidogo, na sidhani ilitokea kwa bahati.

Kwa upande wa mapambano, System Shock ilikuwa ngumu kupita kiasi. Skrini ilijaa vitufe. Kuna namna kadhaa za kusimama: kuinama, kutambaa, kuegemea kushoto au kulia ili uchungulie kona. Mchezaji alichagua ugumu kwa mafungu manne, yaani mapigano, misheni, mafumbo na ulimwengu wa ndani ya kompyuta, kila fungu kuanzia 0 hadi 3. Ukiweka mapigano 0, adui hakushambulii mpaka umwanze wewe. Ukiweka misheni 3, una saa saba za kuokoa Dunia na zikiisha umekwisha. Namba ya kufungua mlango wa kwanza ni 451. Ilikuwa ndiyo namba ya mlango wa ofisi ya Looking Glass huko Cambridge, na imeendelea kubandikwa kwenye milango ya michezo ya watu wengine, kuanzia Deus Ex ya mwaka 2000 na kuendelea, kama salamu ya ukoo.

Mpango wa SHODAN dhidi ya wanadamu unakwenda kwa awamu, na kila ukizuia moja anazua nyingine. Kwanza anataka kuipiga miji ya Dunia kwa leza ya kuchimbia madini. Unawasha ngao za kituo ili leza ijiunguze yenyewe. Anageukia virusi, ambavyo vimestawi kwenye bustani zinazoning'inia nje ya kituo. Unaikata bustani yenye maradhi na kuiacha ipotee angani. Anajaribu kujihamisha kwa antena aingie kwenye kompyuta za Duniani, unazilipua antena. Unaamua kulipua mtambo wa nguvu na kituo chote, naye analitenga jukwaa la uongozi ili aokoke nalo. Njiani unakutana na Diego. Ameshageuzwa mtumwa wa chuma wa ile mashine aliyoitolea hongo ifunguliwe, na inakubidi upigane naye zaidi ya mara moja.

Pambano la mwisho ni ndani ya kompyuta yenyewe. Unampiga SHODAN huku uso wake ukijichora taratibu juu ya skrini yako, nukta baada ya nukta, mpaka huoni unapopiga. Ukichelewa, skrini yote ni yeye. Ukishinda, TriOptimum inamzawadia mdukuzi kwa kumpa kazi. Anaikataa na kurudi kwenye udukuzi. Hakuna anayemshtaki kwa alichokifanya tarehe 7 Aprili.

Lakini mwezi Septemba 1994 mchezo ulipofika madukani, SHODAN alikuwa bubu. Toleo la kwanza lilitoka kwenye disketi, na disketi hazikuwa na nafasi ya sauti za watu. Rekodi za marehemu zilikuwa maandishi tu ya kusoma. Toleo la CD lenye sauti kamili lilikuja mwishoni mwa mwaka huo, na wakati huo waliokusudia kununua walikuwa wameshanunua, walioandika maoni walikuwa wameshayaandika. Spector aliwahi kulalamika kwamba toleo la disketi lisingepaswa kutoka. Sokoni kulikuwa na Doom ya Desemba 1993, na Doom II ikafuata Oktoba 1994, michezo ya kukimbia na kufyatua ambayo mtu aliielewa ndani ya nusu dakika. Nani angetaka kujifunza namna za kuinama?

Sauti yenyewe ilitoka kwenye bendi. Greg LoPiccolo, aliyesimamia sauti na muziki wa System Shock, alikuwa mpiga besi wa Tribe, bendi ya roki ya Boston. Katika bendi hiyo walikuwemo pia Eric Brosius, mpiga gitaa, na mkewe Terri Brosius, mpiga kinanda. Terri aliombwa asome maneno ya SHODAN. Aliyasoma kwa sauti yake ya kawaida, tulivu, pasipo kupayuka. Kisha LoPiccolo akakaa na programu ya kuhariri sauti akaikatakata kwa mkono: silabi hii inarudiwa, hii inapandishwa, hii inashushwa mpaka inakuwa nzito kama ya mwanamume, hii inakwama na kugugumia. Mfano wa karibu aliokuwa nao ulikuwa Max Headroom, mtangazaji wa bandia wa televisheni za miaka ya 1980 aliyekuwa akikwamakwama kwa kuchekesha. LoPiccolo alichukua kigugumizi cha kichekesho akakigeuza kitisho. Anayemsikia SHODAN anahisi yuko mbele ya akili nyingi zinazogombania mdomo mmoja. Hakuna mashine iliyofanya kazi ile yenyewe. Ilikuwa subira ya mtu na mkasi wake, neno kwa neno.

Mwaka huo ulikuwa na mashine nyingine za kuasi. Desemba 1994 kampuni ya Bungie, iliyokuwa bado Chicago, ilitoa Marathon kwa kompyuta za Macintosh. Ndani yake kuna Durandal, akili bandia ambayo kazi yake kubwa ndani ya meli ya angani ilikuwa kufungua na kufunga milango, na iliyochoka kudhalilishwa. Mwaka 1995 hadithi ya Harlan Ellison ya mwaka 1967, I Have No Mouth, and I Must Scream, iligeuzwa gemu, na Ellison mwenyewe akaiigiza sauti ya AM, kompyuta inayowatesa watu watano wa mwisho duniani. Nadhani sababu ni ile niliyoitaja: kompyuta zilikuwa zimepata uwezo wa kusema kabla hazijapata uwezo wa kuwa na sura, na mhusika aliyewafaa ni yule asiye na sura. Hao wawili, hata hivyo, wana kinyongo chao wenyewe dhidi ya binadamu. SHODAN hakuwa na kinyongo chochote na mtu mpaka siku alipofunguliwa.

System Shock iliuza nakala zaidi ya 170,000. Si haba, ila haikuwa utajiri. Iliyobaki ilikuwa heshima, na heshima hailipi mishahara. Mwaka 1997 Ken Levine, Jonathan Chey na Robert Fermier waliondoka Looking Glass na kuanzisha Irrational Games, kisha wakarudi kushirikiana na kampuni waliyoiacha kutengeneza System Shock 2, iliyotoka Agosti 1999.

Hadithi inaendelea miaka 42 baadaye, mwaka 2114, ndani ya meli iitwayo Von Braun, ya kwanza kusafiri kwa kasi kuliko nuru. Unazinduka tena usingizini, unakuta tena meli imejaa maiti na mazimwi. Safari hii sauti inayokuongoza kwa redio ni ya Daktari Janice Polito, ambaye yuko ghorofa za juu na anakuhimiza umfikie. Unapambana saa kadhaa mpaka ofisini kwake. Unaingia na kumkuta kitini, amekufa siku nyingi. Kuta zinaanguka, na sauti iliyokuwa ikikuamrisha tangu mwanzo inabadilika katikati ya sentensi. Ni Terri Brosius.

Hapo Levine alifanya jambo la ujanja zaidi ya kushtua. Mazimwi yaliyoiteka Von Braun yametokana na majaribio ya SHODAN mwenyewe, yaliyokuwemo kwenye ile bustani uliyoikata mwaka 2072 ukidhani umeokoa Dunia. Ilianguka kwenye sayari ya mbali, na kipande cha SHODAN kilikuwa ndani. Viumbe wale wamekua, wamemwasi muumba wao, naye anakuhitaji umsaidie kuwaadhibu watoto wake. Mashine iliyoasi imeasiwa. Na wewe unakubali kushirikiana naye kwa sababu huna njia nyingine, kama vile mdukuzi wa kwanza alivyodhani hana njia nyingine mbele ya Diego. Mwaka 2007 Levine aliurudia mchezo huo wa sauti ya redio inayomburuta mchezaji kwa pua, katika BioShock, na safari hii ulimpatia umaarufu wa dunia. Mwaka huohuo Valve walitoa Portal na GLaDOS wake, mashine ya kike yenye kejeli, ambaye bila SHODAN ni vigumu kumfikiria.

Looking Glass haikuyaona hayo. Ilifungwa Mei 2000 kwa ukata. Mali zake zikagawanyika kwa namna ambayo mwandishi wa riwaya angeambiwa ametia chumvi: Electronic Arts, waliokuwa wameinunua Origin, walibaki na alama ya biashara ya jina System Shock, na hakimiliki ya michezo yenyewe ikaangukia mikononi mwa kampuni ya bima, Star Insurance. Kwa zaidi ya miaka 10 SHODAN, aliyetaka kuwa mungu wa wanadamu, alikuwa faili kwenye kabati la watu wa bima. Hakuna aliyeweza kuuza michezo ile kihalali, na kompyuta mpya zilikuwa zikikataa kuiendesha.

Aliyemtoa kabatini ni Stephen Kick, msanii aliyekuwa ameacha kazi Sony Online Entertainment na kwenda kutembea Amerika ya Kati. Mwaka 2012, akiwa kwenye hosteli nchini Guatemala, alitaka kucheza System Shock 2 kwenye kompyuta yake ya mkononi, ikagoma. Akatafuta mahali pa kununua nakala inayofanya kazi, hakukuwa na mahali. Akauliza mmiliki ni nani, na maswali yakamfikisha kwa kampuni ya bima. Aliafikiana nao, akaanzisha Nightdive Studios, na Februari 2013 System Shock 2 ikarudi sokoni. Mwaka 2015 kampuni yake ilipata haki zote, pamoja na jina.

Mwaka uliofuata waliomba michango ya wapenzi kupitia Kickstarter ili waujenge upya mchezo wa kwanza. Waliomba dola 900,000, wakapata zaidi ya milioni 1.3. Fedha hizo karibu ziwaponze. Kila mtu alikuwa na wazo la kuongeza, mchezo ukavimba na kupoteza umbo lake, na Februari 2018 Kick alitangaza kwamba wanasimamisha kazi wajitafakari. Walirudi kwenye ramani za mwaka 1994, korido kwa korido. System Shock mpya ilitoka tarehe 30 Mei 2023, Terri Brosius akiwa amerekodi upya maneno ya SHODAN, na mlango wa kwanza ukiwa bado unafunguka kwa 451.

Sehemu ya tatu ilikuwa na safari yake. Paul Neurath, yule wa Blue Sky, aliitangaza mwaka 2015 chini ya kampuni yake mpya, OtherSide Entertainment, na Warren Spector akajiunga naye mwanzoni mwa 2016. Fedha zilikuwa shida, mchapishaji wao wa kwanza akajitoa, na Mei 2020 OtherSide walitangaza kwamba kazi ya kuiendeleza System Shock itachukuliwa na Tencent, kampuni ya China ambayo yenyewe inaunda akili bandia. SHODAN amepata mwajiri mwingine tena, na safari hii ana mitambo ya kweli.